Barakoa Isiyoficha Kitu: Tahakiki ya Istilahi za Programu ya ipcalc

Makala haya yanahusu kijitabu cha kurasa nane. Kiliandikwa kwa ajili ya mafunzo ya mafundi wa kompyuta katika ofisi za serikali za mitaa, nacho kinaeleza kwa Kiswahili namna ya kutumia programu iitwayo ipcalc, ambayo kazi yake ni kukokotoa habari za mtandao kutokana na anwani moja tu ya IP. Niliombwa nikipitie nikiwa afisa istilahi. Nilipokipitia nilikuta kwamba maneno yake mengi yametoka katika rasimu ya orodha niliyoiandaa mimi mwenyewe mwaka 2019. Kwa hiyo msomaji asishangae akiona kwamba katika baadhi ya aya zifuatazo mhakiki na mhakikiwa ni mtu mmoja.

Yafaa kwanza programu yenyewe ielezwe, kwa kuwa wengi wa wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha na wa ofisi, si mafundi. Hakuna picha wala vitufe vya kubonyeza kwenye kioo. Mtumiaji hufungua dirisha la amri, huchapa jina la programu, huacha nafasi, kisha huchapa anwani, mkwaju, na namba moja ndogo. Mathalani ipcalc 10.20.30.77/26. Programu humjibu kwa mistari michache. Humrudishia anwani aliyoitaja. Humpa namba 255.255.255.192, na kinyume chake, 0.0.0.63; humtajia mtandao, ambao ni 10.20.30.64/26, humwonyesha anwani ya kwanza inayoweza kupewa kompyuta, yaani 10.20.30.65, na ya mwisho, 10.20.30.126, kisha humtajia 10.20.30.127, ambayo haipewi kompyuta yoyote. Na mwisho humpa idadi ya anwani zinazogawika, 62. Kando ya namba hizo nyingi huandikwa namba zilezile kwa tarakimu 0 na 1 tu, na pengo dogo huachwa mahali pa kukatia. Fundi hodari huweza kuifanya hesabu hii kwa kalamu, lakini hukosea akichoka, na kosa la tarakimu moja laweza kuiacha ofisi nzima bila mawasiliano. Kijitabu kinaiita programu hii kikokotoo cha mtandao. Jina ni zuri na halina kasoro ya maana, ingawa tangu mjadala wa mwaka 2018 juu ya mafao ya kustaafu mtumishi wa umma hawezi kulisikia neno kikokotoo bila kushika mfuko wake. Hilo si kosa la mfasiri.

Siri ya hesabu yenyewe ni ndogo. Anwani ya IP ya toleo la nne ni biti 32, nasi huziandika kwa mafungu manne ya biti nane nane, kila fungu likiwa namba kati ya 0 na 255. Anwani hiyo moja hubeba habari mbili: mtandao ni upi, na kompyuta ni ipi ndani ya mtandao huo. Mtanzania aliyewahi kushika hati ya kiwanja ataelewa bila taabu, maana huko nako huandikwa Kitalu fulani, Kiwanja namba fulani. Tofauti ni kwamba katika hati ya ardhi kitalu na kiwanja vimetenganishwa kwa maneno, ilhali katika anwani ya IP vimeandikwa mfululizo, bila alama ya kuonyesha kitalu kinaishia wapi. Nukta zile tatu hazionyeshi mpaka huo. Zipo kwa ajili ya macho ya binadamu tu. Kinachoonyesha mpaka ni namba iliyo baada ya mkwaju. Ikiwa ni 26, basi biti 26 za mwanzo ni za kitalu na 6 zilizobaki ni za kiwanja. Chukua fungu la mwisho la mfano wetu, 77. Kwa tarakimu 0 na 1 ni 01001101. Biti mbili za mwanzo, 01, ni za kitalu; sita zinazofuata, 001101, ni 13. Kumbe kompyuta hii ni kiwanja namba 13 katika kitalu kinachoanzia 64, na 64 ukijumlisha 13 ni 77. Hiyo ndiyo kazi ya ipcalc. Mengine yote hutokana na hapo.

Sasa tuje kwenye maneno. Ile namba 255.255.255.192 kijitabu kinaiita barakoa ya mtandao. Neno hilo ni langu. Nilipoandaa rasimu ya 2019 nilikuta mafundi wanasema netimaski, nami niliona kwamba sehemu ya pili ya neno hilo la Kiingereza ina maana ya kitu kivaliwacho usoni. Sikupenda kinyago, kwa sababu kinyago kwetu ni kazi ya mchongaji, tena ni kitu cha ngoma. Nikapekua kamusi nikakuta barakoa, kifunika uso kilichovaliwa zamani na wanawake wa Kiarabu wa pwani. Neno lililokuwa karibu kusahauliwa, lisilo na kazi nyingine. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Katika undaji wa istilahi tumefundishwa kwamba neno la kale lililolala ni hazina, na kwamba kulifufua ni bora kuliko kukopa. Mwaka uliofuata ukaja ugonjwa wa korona, na neno nililodhani limelala likaamka katika kila kinywa. Barakoa ikawa kile kitambaa cha kuzuia maambukizo, na sidhani kama kizazi hiki kitalielewa vingine.

Matokeo yake niliyaona katika majibu ya jaribio la mwisho wa mafunzo. Swali liliuliza kazi ya barakoa ya mtandao. Mwanafunzi mmoja alijibu, kwa hati safi kabisa, kwamba kompyuta huvalishwa barakoa ili virusi visiingie. Mkufunzi alicheka, mimi sikuweza. Kijana yule hakukosea Kiswahili hata kidogo. Alipewa maneno mawili, barakoa na virusi, yote mawili yamo katika orodha yetu, naye akayaunganisha kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeyaunganisha. Hatari yake si ndogo. Fundi anayeamini kwamba namba ile hulinda mtandao ataona kwamba ameshaweka ulinzi, kumbe hakuweka chochote. Namba ile haifichi, haizuii, wala hailindi. Hukata tu.

Wenye Kiingereza wana sababu yao ya kuiita hivyo. Katika lugha ya kompyuta, kuzifunika baadhi ya biti ili kushughulika na nyingine kulipewa jina hilo la kifunika uso. Itifaki ya intaneti ilipoandikwa katika waraka namba 791 wa Septemba 1981, mahali pa kukatia palijulikana kwa biti za mwanzo za anwani yenyewe, na haikuwapo haja ya kupataja kando. Waraka namba 950 wa Agosti 1985 ndio ulioweka utaratibu wa kuugawa mtandao mmoja katika vitalu vidogo, na hapo ndipo namba ya kufunikia ilipohitajika. Waandishi wake walipendekeza kwamba biti za kitalu zifuatane, lakini hawakulazimisha. Kwa kanuni ile zingeweza kurukaruka, hapa moja na pale moja. Kitu cha namna hiyo kweli si mpaka, ni chekeche. Lakini katika utaratibu uliotolewa mwaka 1993, ambao ulifuta madaraja ya zamani, biti hizo hufuatana bila kukatika tangu mwanzo hadi mahali pa kukatia. Jina la Kiingereza limebaki likikumbuka hali ambayo haipo tena. Sisi tunaounda neno sasa hatuna deni hilo.

Kwa hiyo naliondoa neno barakoa katika rasimu, na badala yake napendekeza mpaka, au kwa ukamilifu wake mpaka wa kitalu. Faida yake ya kwanza ni kwamba linataja kazi ya kitu, si sura aliyoiwaza mwingine. Faida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ndiyo iliyonishawishi. Namba 255.255.255.192 na namba 26 iliyo baada ya mkwaju ni habari moja iliyoandikwa kwa namna mbili: ukiiandika ile ya kwanza kwa tarakimu 0 na 1 utapata moja 26 zilizofuatana, kisha sifuri 6. Kiingereza kina majina mawili kwa habari hiyo, tena yasiyofanana, na mwanafunzi huweza kupita siku nyingi kabla hajagundua kwamba anajifunza kitu kimoja. Kiswahili kikisema mpaka wa 26 na mpaka wa 255.255.255.192, mwanafunzi atajua tangu siku ya kwanza kwamba hapa pana tofauti ya maandishi tu, kama mtu asemavyo saa moja jioni huku tiketi ya ndege imeandikwa 19:00.

Yamkini yupo atakayesema kwamba mpaka ni neno la kawaida mno, tena lina kazi nyingine ya kuonyesha kikomo cha muda au mwendo. Ni kweli. Lakini ukawaida si kasoro ya istilahi. Anayepima ardhi hutumia neno hilohilo kila siku bila kuchanganyikiwa, na wala hatujasikia akiomba neno la Kilatini. Pingamizi jingine ni zito kuliko hilo: jina la kifunika uso hutumika pia mahali pengine katika kazi ya kompyuta, ambako biti zinazofunikwa hazifuatani, na huko neno mpaka halitafaa. Nakubali. Huko litafutwe neno la huko. Kutaka neno moja la Kiswahili lifuate neno moja la Kiingereza kila liendako ni kukipa Kiingereza kazi ya kupanga mawazo yetu.

Kijitabu kinaiita ile namba ya baada ya mkwaju urefu wa kiambishi awali. Hapa nakiri kwamba nilishawishika. Mwalimu wa Kiswahili ataona mara moja uzuri wake: katika mtu na watu, kiambishi cha mwanzo hutaja ngeli na mzizi hutaja kitu, na kompyuta za mtandao mmoja hushiriki mwanzo mmoja kama majina ya ngeli moja. Nilikaa na mfano huo siku nzima nikiupenda. Lakini kiambishi cha sarufi hakisogei; m- haiwi ndefu Jumatatu na fupi Jumanne kwa amri ya msimamizi. Mpaka wa kitalu husogezwa kila ofisi inapoongeza au kupunguza vitalu vyake. Tena fundi aliyeacha sarufi kidato cha nne hana sababu ya kulipishwa raha za watu wa isimu.

Neno la pili lililoniumiza ni matangazo. Ile anwani ya mwisho ya kitalu, 10.20.30.127 katika mfano wetu, mafundi huiita brodikasti. Ujumbe uliopelekwa kwenye anwani hiyo haumwendei mmoja, huziendea kompyuta zote za kitalu kwa mara moja. Katika rasimu niliiandika anwani ya matangazo, kwa kuwa neno hilohilo la Kiingereza katika redio huwa utangazaji. Nikapita, nikidhani nimemaliza.

Katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilinunuliwa kompyuta ndogo ya kuwekwa mapokezi, ionyeshe ukutani matangazo ya zabuni, ya nafasi za kazi na ya mikutano. Fundi kijana alipewa kazi ya kuiunganisha. Akachapa ipcalc, akapata jibu, akafungua kijitabu chetu kuangalia kila mstari una maana gani, akakuta mmoja umeelezwa kuwa ni anwani ya matangazo. Afanye nini? Akaipa kompyuta ya matangazo anwani ya matangazo. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya Linux, nayo iliipokea namba bila kulalamika. Ila hakuna mwenzake kitaluni aliyeweza kuzungumza nayo, na kioo cha mapokezi kilibaki cheusi siku nzima huku kijana akibadilisha nyaya. Aliponipigia simu aliniambia, "Kaka, mimi nimefuata maandishi kama yalivyo." Ndivyo ilivyokuwa. Aliandikiwa karipio kwa uzembe. Niliiandikia ofisi ile kueleza kwamba kosa ni la istilahi, na sijapata jibu.

Tangazo, kwa Kiswahili cha leo, ni kitu: lina karatasi yake, lina ubao wake, lina mahali pa kukaa. Tulichohitaji ni neno la tendo la kuita wote, lisilo na makazi. Neno hilo tunalo tangu zamani, nalo ni mbiu. Mbiu ilipopigwa kijijini haikumtafuta mtu kwa jina. Kila aliyekuwamo ndani ya eneo alipaswa kusikia, na aliye nje ya eneo haikumhusu. Ndivyo anwani ile ifanyavyo kazi, hata katika kukomea mpakani, maana kwa kawaida ruta haivushi mbiu ya kitalu kimoja kwenda kitalu kingine. Hakuna mwanakijiji aliyewahi kudai kwamba yeye anakaa kwenye mbiu. Fundi akiambiwa kwamba 127 ni anwani ya mbiu, hatafikiria kumpa mtu anwani hiyo akae.

Mwenyeji ni habari ya namna nyingine. Kijitabu kimefasiri mistari miwili inayotaja anwani ya kwanza na ya mwisho kuwa mwenyeji wa chini na mwenyeji wa juu. Tafsiri hii siyo yangu, ila nisingependa kujisifu kwa hilo. Msomaji atadhani tunasimulia habari za mtwana na mwinyi. Neno mwenyeji lenyewe silikatai. Kiingereza kililichukua jina la anayepokea wageni, kwa sababu kompyuta za mitandao ya mwanzo zilikuwa kubwa na watumiaji walizijia kutoka mbali; Kiswahili kina mwenyeji wa maana hiyo, tena kina mwenyeji wa maana pana zaidi, yaani akaaye mahali na kupafahamu. Kompyuta yenye anwani yake kitaluni ni mwenyeji wa kitalu bila kulazimisha. Tatizo ni kwamba mistari ile miwili haitaji kompyuta. Hutaja anwani, na huenda hakuna kompyuta hata moja iliyokwisha kupewa. Tungesema tu: anwani ya kwanza ya kugawa, anwani ya mwisho ya kugawa. Ni maneno marefu, lakini hayamdanganyi mtu, na idadi ya 62 itaeleweka papo hapo: kitalu kina namba 64, ya kwanza ni jina la kitalu chenyewe, ya mwisho ni ya mbiu, zinazobaki zinagawiwa.

Juu ya karata ya mwitu, ambayo ndiyo tafsiri iliyopewa ile namba 0.0.0.63, sitasema mengi. Namba hiyo ni mpaka uliogeuzwa, penye moja pamewekwa sifuri na penye sifuri pamewekwa moja, nayo hutumika hasa katika kuandika kanuni za baadhi ya ruta. Iitwe kinyume cha mpaka. Na wavu uachiwe wavuvi. Mtandao tumekuwa nao miaka mingi.

Yapo makosa mawili ambayo si ya mfasiri peke yake. Mstari wa mwisho wa jibu la programu huitaja anwani ya mfano wetu kuwa ya daraja A. Madaraja hayo yalikuwa utaratibu wa mwanzo: mtandao wa daraja A ulikuwa na anwani 16,777,216, wa B 65,536, na wa C 256. Aliyehitaji anwani 300 hakutoshelezwa na C moja, akapewa B nzima, na zilizobaki zikapotea bure. Upotevu huo ndio mojawapo ya sababu za utaratibu wa 1993, na anwani zenyewe hazikuwa nyingi mno, kwani biti 32 hazitoi zaidi ya 4,294,967,296. Akiba ya mwisho ya ulimwengu iligawiwa kwa mabara tarehe 3 Februari 2011. Programu imeendelea kulitaja daraja kwa mazoea tu. Kijitabu kikaandika daraja A pasipo maelezo, na wanafunzi waliozoea madaraja ya treni na ya mitihani wakaelewa kwamba mtandao wao ni bora kuliko wa jirani. Hapa mfasiri alipaswa kuwa na ujasiri wa kuongeza sentensi moja: kwamba neno hili ni la historia, lisitumiwe katika kupanga mtandao.

La pili ni binafsi. Waraka namba 1918 wa Februari 1996 ulitenga mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani ya ofisi au nyumba, yasiyotangazwa kwenye intaneti ya ulimwengu: yanayoanza kwa 10, yaliyo kati ya 172.16 na 172.31, na yanayoanza kwa 192.168. Kijitabu kimeziita anwani binafsi. Mama mmoja, karani mkuu wa masjala, mtu wa miaka mingi kazini, aliletewa fomu ya mtandao aidhinishe, akaona neno hilo akaikataa. Fundi alipojaribu kumweleza alimjibu, "Mwanangu, serikali haina anwani binafsi. Kawaandikie wenzako walete anwani ya ofisi." Nilipoisikia habari hii niliona kwamba mama yule ni msomaji bora kuliko sisi wote tulioupitisha mswada. Tumekuwa tukiwaonya watumishi kwa waraka baada ya waraka wasitumie anwani binafsi za barua pepe kwa shughuli za umma. Tunawezaje, kwa neno hilohilo, kuwataka watumie anwani binafsi za IP? Ziitwe anwani za ndani.

Jambo moja kijitabu hakikuligusa, na mafundi wamelilalamikia kwa haki. Programu mbili tofauti zina jina hili moja la ipcalc. Moja iliandikwa na Krischan Jodies kwa lugha ya Perl, nayo ndiyo inayopatikana katika Debian na jamaa zake. Hiyo ndiyo iliyotoa mistari niliyoieleza. Nyingine ni ya familia ya Red Hat, na jibu lake ni tofauti: mtumiaji akiiomba kitu kimoja, mathalani mpaka, hupewa neno la Kiingereza kwa herufi kubwa, alama ya usawa, kisha namba. Maandishi ya namna hiyo huweza kusomwa na programu nyingine bila mtu kuyaona. Kijitabu kimewashauri mafundi wabadilishe hata maneno hayo yawe ya Kiswahili. Ushauri huo ufutwe. Kinachosomwa na mashine kiachwe kama kilivyo, na kinachosomwa na mtu kielezwe kwa lugha ya mtu. Mfasiri asiyetenganisha hayo mawili atavunja kazi ya fundi kwa jina la kuitumikia lugha.

Nimejiuliza kwa nini makosa haya yamekuwa mabaya kuliko yale tuliyoyazoea. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, ulitoa Jambo OpenOffice, na wafasiri wake walilazimika kuamua mamia ya maneno. Lakini aliyekuwa akitumia programu ile aliona kitu mbele yake: neno likimkanganya, alibonyeza, akaona kilichotokea, macho yakamsahihisha. Katika dirisha la amri hakuna cha kuona ila neno na namba. Namba haijielezi, kwa hiyo uzito wote umelikalia neno. Likiwa bovu, hakuna kitakachomwokoa msomaji mpaka mtandao ukatike.

Rasimu niliyoirekebisha itafikishwa mbele ya kamati katika robo ijayo. Imo mpaka wa kitalu, anwani ya mbiu, anwani za kugawa na anwani za ndani. Yametolewa barakoa, matangazo, karata ya mwitu na wavu. Lipo swali ambalo wajumbe wataniuliza, nami ni afadhali niliweke hapa mapema ili wafasiri na walimu walifikirie. Toleo la sita la itifaki, lenye anwani za biti 128, halina mbiu kabisa. Mahali pake pana ujumbe unaopelekwa kwa kundi lililojiandikisha, si kwa kitalu kizima. Huko pia mpaka huandikwa kwa namna moja tu, kwa mkwaju na namba, na ile namba ndefu yenye 255 haipo. Mpaka, basi, utavuka kwenda toleo la sita bila shida. Mbiu itabaki upande huu, na kwa ule ujumbe wa kundi sijapata neno. Nimejaribu mwito wa kundi, wito wa waliojiandikisha, na hata barua ya chama. Hakuna hata moja ambalo fundi yule wa kioo cha mapokezi, nilipomsomea, alilielewa mara ya kwanza.